Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Marubani Wetu Wastaafu na Familia Zao

Ndugu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam alaykum.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka tukiwa hai, kwani wapo tuliouanza nao ambao leo hatunao. Ada inanitaka nitume salamu, nami nazituma, ila safari hii nazielekeza kwanza Morogoro, ambako hivi karibuni nilimwakilisha marehemu baba katika mkutano wa wastaafu wa kikosi chake cha ndege za kivita. Yeye alikuwa fundi wa injini. Wazee niliokaa nao meza moja ndio waliozirusha ndege hizo.

Mwaka umekuwa mgumu. Mchele, sukari na mafuta ya kula vimepanda bei, nauli za kwenda mikoani mwezi huu hazishikiki, na wengi wetu tutaila sikukuu hapa hapa tulipo. Nilipolilalamikia jambo hilo, mzee mmoja alicheka, akaniuliza kama nimesahau miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo Mwalimu Nyerere alituomba baada ya vita vya Kagera. Wenye umri wangu tunaikumbuka kwa foleni za sabuni na unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Yeye anaikumbuka kwa ndege zilizolala chini kwa kukosa vipuri.

Hawa ni vijana wa miaka ya mwanzo ya jeshi letu. Wakanada ndio waliotangulia kutufundisha urubani wa kijeshi katika miaka ya 1960, kisha Wachina wakatujengea kituo cha ndege za kijeshi cha Ngerengere na kuwachukua vijana kwenda kujifunza kwao, na baadaye zikaja ndege za kivita za MiG-21 za Warusi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, walikuwa bado na umri ambao wanangu wanao sasa. Walipokumbushana ndege ya Libya, iliyomuunga mkono Amin, iliyotumwa kuipiga Mwanza Machi 1979, ikakosa shabaha na kuua swala katika kisiwa cha Saanane, meza nzima ilicheka mpaka machozi, nami nilicheka nao. Kicheko kilikoma mara ilipotajwa Musoma, ambako Novemba 1978 ndege zetu zilitunguliwa na makombora yetu wenyewe kwa kudhaniwa ni za adui. Mzee aliyekuwa akizungumza alimgeukia mwenzake, akamwomba aendelee yeye, na mwenzake naye hakuendelea.

Baba hakuwahi kuitaja Musoma nyumbani. Kila Novemba alikuwa mkimya, tukimpisha tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuuliza. Ni rubani mmoja aliyenieleza kwamba baba alikuwa akipanda nao ngazi hadi juu, akiwafunga mikanda kwa mikono yake, halafu akibaki uwanjani akihesabu ndege zinaporudi. Nimelijua hilo baada ya kumzika. Bado linaniuma.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, na mtaniwia radhi nikihubiri kidogo. Kila tarehe 25 Julai tunatazama mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, na ni haki ya mashujaa wetu waliolala makaburi ya Kaboya mkoani Kagera na kwingineko, lakini wenzao walio hai wamekaa vibarazani, masikio yao yameharibiwa na ngurumo za injini, na watoto wao wanapiga simu siku ya pensheni tu. Sikukuu hii mkipeleka pilau, kaeni mpaka sahani ziondolewe. Muulizeni mzee alikuwa wapi, na nani, na waliokuwa naye wako wapi. Rekodini sauti zao kwa simu hizo hizo tunazopotezea usiku kucha. Msiwasahau na wajane, maana mkutanoni walikuwa karibu sawa na wastaafu wenyewe, na hotuba karibu zote hazikuwataja, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo.

Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya, wenye afya, amani na riziki ya halali. Wagonjwa Mungu awaponye, wasafiri awafikishe salama, na marehemu wetu awapumzishe kwa amani. Wazee wangu wa kikosi, shikamooni. Mmoja wenu anaitafuta picha ya pamoja iliyopigwa Ngerengere kabla ya vita. Aliye nayo nyumbani naomba anitumie nakala, nimpelekee kabla ya Pasaka.