Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uchunguzi wa Matukio Kazini

Ndugu wanachama,

Kamati imepitia taarifa za uchunguzi mlizowasilisha mwaka huu. Nyingi zinaishia kwenye "uzembe wa mfanyakazi", kisha zinapendekeza onyo na semina. Zimesimama pale ambapo uchunguzi ulipaswa kuanza.

Chukueni ajali ya vidole kunaswa kati ya mkanda wa kusafirishia mizigo na rola. Taarifa ilisema mfanyakazi alisafisha mashine ikizunguka, kifuniko kikiwa kimeondolewa. Ni kweli. Lakini kifuniko hicho kilifungwa kwa bolti nane, uchafu ulitakiwa kuondolewa kila zamu, na spana ilikaa stoo. Zamu zote zilifanya hivyohivyo, wasimamizi wakipita na kuona. Semina haipunguzi bolti hata moja. Kinachotakiwa ni kifuniko cha bawaba chenye swichi inayokata umeme kikifunguliwa, na kikwaruzio kinachosafisha rola bila mkono wa mtu. Swichi hiyo nayo haichukui nafasi ya kufuli: fundi anayeingia ndani huzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, ufunguo hukaa mfukoni mwake, kisha hujaribu kuwasha kabla ya kugusa kitu.

Kuhusu ushahidi, majeruhi akishahudumiwa na hatari kuzuiwa, msisafishe eneo. Pigeni picha za mbali kwanza, kisha za karibu zenye rula pembeni. Andikeni swichi na vali zilikuwa katika hali gani. Rekodi za kamera zichukuliwe mapema, maana hujifuta zenyewe. Mashahidi wahojiwe mmoja mmoja, ikiwezekana siku hiyohiyo. Ukimuuliza mtu "kwa nini hukuzima?", atajitetea, mwambie akueleze kazi hiyo hufanywaje siku za kawaida.

Matukio ya nusura, yaani yale ambayo nusura yamdhuru mtu, yaendelee kuripotiwa, ila tuache kuabudu uwiano wa 1, 29 na 300 alioutoa Heinrich, mtaalamu wa usalama kazini wa Marekani, mwaka 1931: kwa kila ajali moja yenye jeraha kubwa, 29 zenye majeraha madogo na 300 zisizo na jeraha. Kupungua kwa mikwaruzo hakutuambii lolote kuhusu hatari ya boila kulipuka. Tukio lipimwe kwa madhara ambayo lingeweza kuleta.

Kuanzia mwaka ujao, kila pendekezo litaje mhusika, tarehe ya kukamilisha, na tarehe ya kwenda kukagua kama mabadiliko bado yapo na yanatumika. Taarifa itakayopendekeza mafunzo peke yake itarudishwa, isipokuwa ieleze kwa nini hatari haikuweza kuondolewa wala kuzibwa.