Barua ya Wazi kwa Diwani wa Utamaduni: Mrudishieni Mwanangu Bendera Yake

Mheshimiwa Diwani,

Salamu kwako na kwa wenzako wa halmashauri ya mji wetu.

Nimekuandikia mara tatu kwa Kiingereza kuhusu bendera ya Kenya ambayo mhudumu wenu alimnyang'anya mwanangu kwenye tamasha la muziki, hapa hapa Uingereza. Mara ya kwanza nilijibiwa na kompyuta kwamba barua imepokelewa na nitapata majibu ndani ya siku 10 za kazi. Siku hizo zilipita, miezi ikaingia. Leo nakuandikia kwa Kiswahili, hadharani, na sidhani nakuvunjia heshima. Pale mapokezi kwenu pana bango la kukaribisha watu kwa lugha 12, na neno la tano kutoka juu ni "Karibuni". Nimelisoma mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya kulipa kodi. Basi mtafute aliyewaandikia neno lile, akusomee na haya.

Kilichonifanya nisingoje tena ni tangazo mlilolibandika Jumatatu kwenye kituo cha basi. Tamasha litarudi Septemba, okestra ileile, nyimbo zilezile za kufungia, na chini kwa herufi kubwa mmewaambia watu waje na bendera zao. Nilisimama nalo mvua ikininyeshea, nikalisoma mara mbili. Waje na bendera zao. Mheshimiwa, sisi tulikuja na yetu.

Nikukumbushe. Mwanangu ana miaka 11, anajifunza fidla. Aliipenda kwa kusikiliza kanda za taarabu za babu yake, kabla hajajua kusoma. Alipoona mnaandaa usiku wa muziki kwa mtindo wa Proms za London, yale matamasha ya kila kiangazi ambayo usiku wa mwisho watu huimba na kupunga bendera, alianza kuhesabu siku. Mimi nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Niliomba usiku mmoja bila malipo, nikanunua tikiti mbili. Bendera ilitoka Mombasa. Nyanyake aliishona kwa mkono, kwa mabaki ya vitambaa, haizidi ukubwa wa hanchifu. Kijiti chake ni cha mshikaki, ncha ameikata na kuisugua isimchome mtoto.

Mlangoni hakuna aliyetwambia neno. Tulikaa safu ya juu kabisa. Mbele yetu mzee na mkewe walikuwa na bendera ya Wales, lile joka jekundu. Kando yao kijana mmoja alikuwa na ya Umoja wa Ulaya. Zilizobaki karibu zote zilikuwa za Uingereza. Okestra ilipoingia kwenye ule wimbo wa gwaride wa Edward Elgar, mtunzi wa Kiingereza, na ukumbi mzima ukasimama, mwanangu naye akainua yake. Haikupita dakika, mhudumu wenu akaja, akainama, akamfungua mtoto vidole na kuitwaa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema bendera za siasa haziruhusiwi. Nikamwambia hii ni bendera ya Kenya. Akasema ameagizwa hivyo, nitaipata mapokezi tukitoka. Tulipotoka, mapokezi palikuwa pamefungwa. Kama tatizo lilikuwa kijiti angesema tu, ningekivunja palepale.

Nimewaza sana kwa nini yetu na si ya wale. Nadhani ni rangi. Nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe ndizo rangi za Kenya, na ndizo za Palestina pia. Ya kwetu ina ngao na mikuki miwili katikati, yao ina pembetatu nyekundu ubavuni, lakini kwenye giza la ukumbi, mtu mwenye haraka ataona rangi tu. Ikiwa ndivyo, hilo ni kosa la macho na neno moja lingetosha kulimaliza. Ila mhudumu yule mlimpa kazi ya kukagua bendera bila kumpa kanuni iliyoandikwa. Nimeitafuta kanuni hiyo kwenye tikiti, mlangoni na kwenye kijitabu cha tamasha. Haipo. Na hata kama pale juu angeketi mtoto wa Kipalestina na bendera ya kwao, ningetaka uniambie ni kanuni gani ingemnyang'anya yeye na kumwacha mwenye nyota za Ulaya.

Hofu yenu najua ilikotoka. Mwaka 2016, karibu miezi mitatu baada ya kura ya kujitoa Ulaya, bendera za Umoja wa Ulaya ziligawiwa kwa maelfu nje ya Royal Albert Hall, ukumbi wa London zinakofanyika Proms, usiku wa mwisho, na ugomvi ukahamia magazetini. Mwaka 2019 mwimbaji wa Marekani, Jamie Barton, alikunjua bendera ya rangi za upinde wa mvua katikati ya "Rule, Britannia!", wimbo wa kizalendo wa Waingereza. Mwaka 2020 BBC ilitangaza kwamba wimbo huo na ule wa Elgar zingepigwa bila kuimbwa, Waziri Mkuu Boris Johnson akaja juu, BBC ikageuza uamuzi wake kabla ya tamasha. Mwaka 2023 bendera za Ulaya zilijaa tena ukumbini na wapo waliotaka BBC ichunguze. Januari 2024 Sheku Kanneh-Mason, kijana wa selo aliyekuwa ametoka kupiga kwenye usiku huohuo, alisema haoni kama "Rule, Britannia!" una nafasi pale, na matusi aliyoporomoshewa kila mtu aliyaona. Mkuu wa ukumbi yeyote akiyatazama hayo ataogopa kitambaa.

Lakini usiku ule haukuanza kuwa na siasa siku mwanangu alipoinua mkono. "Rule, Britannia!" wenyewe ni wa 1740, unaapa kwamba Waingereza hawatakuwa watumwa kamwe, na wakati unaandikwa meli za nchi hii zilikuwa zikivusha Waafrika Atlantiki wakiwa katika minyororo. Huo wa Elgar ni wa 1901, na maneno uliyoongezewa mwaka uliofuata yanaomba mipaka ya nchi izidi kupanuka. Ilipanuka, Mheshimiwa. Ilikuwa imeshafika kwetu. Henry Wood aliongoza tamasha la kwanza la Proms Agosti 1895 pale Queen's Hall, na mwaka huohuo Uingereza ilitangaza Afrika Mashariki kuwa himaya yake, Mombasa ikiwemo. Babu yangu mzaa baba alizaliwa chini ya bendera yenu, akaingizwa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Burma, sasa Myanmar) mwaka 1944 kuipigania. Alirudi na goti lisilokunjika. Hadi anakufa alikuwa akisali ameketi kitini.

Kwa hiyo bendera aliyoipigania babu yangu inaitwa sherehe, na hii tuliyoipata Desemba 1963, iliyomo mkononi mwa kitukuu wake, inaitwa siasa. Hapo ndipo ninapoumia.

Sikuombi mfute wimbo wowote. Ule wa Elgar naupenda. Katika nyumba ninayofanyia kazi kuna mama mmoja aliyesahau hata majina ya wanawe, lakini ukipigwa redioni anauimba wote, nami humfuatisha huku nikimbadilishia shuka. Sina ugomvi na furaha ya mtu. Nilitaka mwanangu naye aingie humo. Kwetu taarabu haisikilizwi kwa kukunja mikono. Wimbo ukikugusa unasimama, unapunga leso, unakwenda mbele kutunza. Alichofanya mwanangu ndicho alichokiona kwenye harusi za kwao tangu anajifunza kutembea.

Na ahadi ulitoa. Kabla ya uchaguzi ulisimama katika ukumbi uleule, kwenye mkutano wa wakazi, ukasema ni mali ya kila mlipa kodi wa mji huu, awe ametoka wapi. Nilikuwa safu ya tatu. Nilikupigia makofi. Kodi yangu haijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja, hata mwaka ule mke wangu alipokuwa hospitali na mimi nikifanya zamu mbili kwa siku.

Tangu usiku ule fidla iko chini ya kitanda, ndani ya kasha lake. Mwalimu wake ameniuliza, sikuwa na jibu. Kila Jumapili nyanyake hupiga simu kutoka Mombasa, na kila Jumapili humuuliza: je, watu waliionaje? Mtoto humjibu waliiona, waliipenda, Nyanya. Kisha hunitazama. Ameanza kusema uongo kwa ajili yenu, na mimi nimemwacha, kwa sababu huyo bibi ana miaka 78 na macho yake hayatamruhusu kushona nyingine.

Katika barua ya kwanza niliomba mambo manne: msamaha, kanuni iliyoandikwa, mafunzo kwa wahudumu, na bendera. Katika ya pili nikaacha mafunzo. Katika ya tatu nikaacha na msamaha. Kanuni ningali naitaka, maana Septemba inakuja na mtamsumbua mtoto mwingine. Lakini ikiwa hata hilo ni zito, naomba moja tu. Mrudishieni mwanangu bendera yake.

Siamini kwamba mmeitupa. Itafuteni kwenye lile boksi la vitu vilivyosahauliwa, nyuma ya dirisha la tikiti. Ni ndogo. Ngao imetarizwa kwa uzi mwekundu. Upindo wa upande wa kijani umeshonwa kwa uzi wa buluu, kwa sababu wa kijani ulimwishia. Hakuna nyingine kama hiyo, mtaitambua.

Tikiti za Septemba nimeshanunua, mbili, safu ileile.

Wako kwa heshima,
Baba wa mtoto wa safu ya juu