Barua ya wazi kwa Kamishna wa NFL: usalama usilipwe na mchezaji peke yake

Arlington, Texas
Desemba 2025

Kwa Bwana Roger Goodell,
Kamishna wa NFL,
New York.

Bwana Kamishna,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ninyi ndio mliobisha hodi kwetu. Mwaka 2023 ligi yako ya futiboli ya Kimarekani ilikuja Nairobi, ikapima mbio na miruko ya vijana wetu, ikafundisha watoto futiboli ile ya kuchomoana vitambaa kiunoni. Miaka kumi kabla ya hapo Daniel Adongo aliacha raga akavaa jezi ya Indianapolis Colts, Mkenya wa kwanza kufika huko. Basi wazazi wanaosoma Kiswahili nao ni watu wako sasa. Wakalimani hutakosa.

Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Nairobi. Shule ya upili nilicheza raga, flanka, na bega langu la kushoto linanikumbusha kila baridi inapoingia. Mwaka wangu wa kwanza Texas niliuona mchezo wenu kama mzaha: sekunde sita za vurugu, kisha mkutano. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nabadilishana zamu na wenzangu nisikose Jumapili. Kwa hiyo usinihesabu miongoni mwa wanaotaka mchezo ufungwe. Nina kijana wa miaka kumi na minne ambaye mpaka sasa amecheza ya vitambaa, na mwakani akiingia darasa la tisa anataka ile ya helmeti na mabega. Fomu ameniletea. Bado sijaitia sahihi.

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi, mtu wa hapa hapa, huwa anasema kila mkipitisha kanuni mpya: mchezo umeuawa, si ule wa baba yangu. Ni mtu mwema na simcheki. Nami nikiona refa anarusha kitambaa cha njano, ishara ya kosa, kwa sababu beki amemwegemea kwotabeki, yule mrusha pasi, kwa uzito wake wote, najiuliza yule beki alitakiwa aelee hewani au vipi. Lakini siku moja, tukisubiri kupakiwa mzigo, nilimuuliza mzee huyu anapenda nini kuliko vyote katika mchezo. Akasema bila kufikiri: pasi ndefu, inayoruka yadi hamsini na kumkuta mtu mikononi.

Nikamweleza pasi hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa wakicheza futiboli nchini humu. Mchezo ulikuwa wa kushikana mikono na kusukumana kwa kundi zima kama ng'ombe mlangoni mwa boma, na aliyekuwa chini ya rundo hakujulikana hali yake mpaka rundo lifumuke. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton Ikulu, akawaambia waurekebishe. Mwaka uliofuata pasi ya mbele ikaruhusiwa, ili watu watawanyike uwanjani wasirundikane. Wazee wa wakati ule nao walisema mchezo umekufa. Jambo analolipenda mzee wangu kuliko yote lilianza kama kanuni ya usalama. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia lori langu liko tayari.

Hata helmeti, ambayo leo ndiyo sura ya mchezo wenyewe, ligi yako ilianza kuilazimisha mwaka 1943. Kisha ikageuka silaha. Sisi kwenye raga hatukuwa na kitu kichwani, kwa hiyo kocha alitufundisha kuweka kichwa nyuma ya makalio ya unayemwangusha, la sivyo goti lake lingekufundisha kwa niaba ya kocha. Anayevaa gamba gumu hana hofu hiyo, anatanguliza utosi. Ikabidi mwaka 2018 muandike kanuni ya kukataza mtu kuinamisha kichwa na kugonga nacho. Sisemi raga imenawa mikono. Steve Thompson alitwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003, na amesema hadharani kwamba hakumbuki kuushinda ule mchezo.

Kwa hiyo sitakushambulia kwa kugusa mila. Kazi moja mmeifanya kwa akili sana, nayo ni ule mpira wa kuanzisha, ambao timu moja huupiga mbali na nyingine huudaka na kurudi nao mbio. Zamani watu walikimbiliana kutoka mbali kwa kasi yote, mkapaogopa pale, mkawa mnapabana mwaka baada ya mwaka hadi mchezo ukabaki jina tu: kwenye Super Bowl, fainali yenu, ya Februari 2024 hakuna hata mpira mmoja wa kuanzisha uliorudishwa. Mngeweza kuufuta kabisa. Badala yake mkaazima mpangilio wa XFL, ligi ndogo iliyokuwa ikidharauliwa, mkawasimamisha watu karibu karibu wasiweze kushika kasi, na mpira ukaanza kurudishwa tena. Mashabiki walinung'unika mwezi mmoja, wakazoea. Zile kofia laini zinazovaliwa juu ya helmeti mazoezini nazo zilichekwa, zikaitwa uyoga. Hesabu yenu wenyewe inaonyesha mitikisiko ya ubongo ilishuka kutoka 219 mwaka 2023 hadi 182 mwaka 2024. Na usiku ule wa tarehe 2 Januari 2023, moyo wa mchezaji Damar Hamlin uliposimama uwanjani Cincinnati, wahudumu walikuwa tayari na walimrudisha. Haya nayataja kwa heshima.

Linalonikera ni hili. Chukua kanuni zote za usalama za miaka ishirini hii uzipange mezani, kisha uulize kila moja imemgharimu nani. Kumshika mtu kola ya nyuma na kumvuta: marufuku tangu 2005, analipa beki. Kuinamisha kichwa: analipa mchezaji. Kumzungusha mtu na kumwangukia miguuni kwa nyonga: mwaka 2024 wenye timu waliipigia kura wote kwa kauli moja, adhabu yadi 15, huku chama cha wachezaji kikipinga kwamba beki hana nusu sekunde ya kuchagua ataangukaje. Kitambaa chenyewe kikarushwa mara chache mno. Faini ndizo zilizokuja baadaye kwa barua, zikakatwa kwenye mshahara.

Sasa nionyeshe ile iliyomgharimu mwenye timu.

Nilikuwa natazama, kama ulivyokuwa unatazama, Jumapili ya tarehe 25 Septemba 2022, Tua Tagovailoa, kwotabeki wa Miami Dolphins, alipogongwa kichwa chini, akainuka, akapiga hatua chache, akayumba mpaka akaenda chini tena. Mke wangu ambaye hajui hata kanuni moja alisema: huyo mtoto kizunguzungu kimempata. Kipindi cha pili akarudi kucheza, tukaambiwa ni mgongo. Siku nne baadaye, Alhamisi, akaangushwa tena huko Cincinnati, na vidole vyake vikakakamaa mbele ya uso wake. Mlibadilisha utaratibu wa uchunguzi upesi: mchezaji akiyumba, harudi. Vizuri. Lakini lile neno Alhamisi hakuna aliyeligusa. Mwaka uliofuata wenye timu walipiga kura timu iweze kupangiwa hata Alhamisi mbili za mapumziko mafupi badala ya moja. Krismasi ya 2024 ilipoangukia Jumatano, timu nne zilizocheza Jumamosi zilirudi uwanjani kwa sababu Netflix ilikuwa imenunua siku hiyo. Mimi dereva, serikali ya nchi hii inanilazimisha kupumzika saa kumi mfululizo kabla ya kushika usukani tena, na kuna mashine ndani ya lori inayonichunga. Bosi wangu hapendi, lakini hawezi kuuza saa zangu za kulala kwa televisheni.

Halafu nyasi. Nikitoka kwangu kwenda bohari napita karibu na AT&T Stadium, lile jumba la timu ya Cowboys. Mle ndani wanacheza juu ya zulia la plastiki, kama ilivyo katika karibu nusu ya viwanja vya ligi. Chama cha wachezaji kimeomba mara nyingi nyasi asilia kila mahali. Septemba 2023 kwotabeki Aaron Rodgers alikatika mshipa wa kisigino kwenye zulia la uwanja wa MetLife, karibu na New York, akiwa amecheza mara nne tu tangu ajiunge na timu ya Jets. Siwezi kuapa kwamba ni zulia. Mguu wa mtu wa miaka 39 nao una mambo yake. Ila wanaojua ni wanaokimbia juu yake, na wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jibu tunalopewa ni kwamba majumba haya yana paa, yana matamasha, nyasi hazitaota.

Sasa Kombe la Dunia linakuja mwaka 2026, na uwanja huu ninaoupita utakuwa na mechi tisa, nusu fainali ikiwemo. FIFA ilisema nyasi asilia au hakuna mechi. Ghafla nyasi zinaota. Zinaota hapa, zinaota MetLife, zinaota SoFi huko Los Angeles. Wageni wa mwezi mmoja watatandikiwa majani, na wenye nyumba warudishiwe plastiki wageni wakiondoka? Hapo, Bwana Kamishna, naomba usinitajie mila. Plastiki si mila ya mtu. Mchezo huu ulizaliwa kwenye matope.

Na juu ya hayo mnataka mechi 18. Zilikuwa 16, mkaongeza ya 17 mwaka 2021, na wewe mwenyewe umeizungumzia ya 18 hadharani zaidi ya mara moja. Sihitaji daktari aniambie mechi moja zaidi ni kugongana kwingi zaidi. Huwezi kumtoza beki faini kwa kugonga vibaya mara moja, kisha umuuzie magongano mengine sitini kwa mpigo, na yote mawili uyaite kuwajali wachezaji.

Kuna sababu watu kama mimi hatuwapi ligi imani ya bure. Aliyeupasua ubongo wa mchezaji wa zamani Mike Webster mwaka 2002 na kuona kilichomo ni Mwafrika, Dk. Bennet Omalu wa Nigeria, kijana asiyejua hata kanuni za mchezo. Webster alitwaa Super Bowl nne na Pittsburgh Steelers, akafa na miaka 50 akiwa amepotea kabisa ndani ya kichwa chake mwenyewe. Omalu alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa kamati yenu waliandika kutaka makala ifutwe. Mwenyekiti wa kamati hiyo ya ubongo kwa miaka mingi alikuwa daktari wa magonjwa ya viungo. Mwaka 2011 mchezaji mwingine wa zamani, Dave Duerson, alijipiga risasi kifuani, akiwa ameacha ujumbe ubongo wake ukapimwe. Ligi ilikiri mbele ya Bunge mwaka 2016 kwamba futiboli na ugonjwa huu wa CTE, ubongo kuharibika kwa kugongwa kichwa mara kwa mara, vina uhusiano.

Kisha fidia, ile ambayo ligi ilikubali kuwalipa wachezaji wa zamani walioharibika ubongo. Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wa Nairobi na Dar wasome polepole. Katika kupima nani amepoteza akili kiasi cha kulipwa, hesabu iliyotumika ilichukulia kwamba mchezaji Mweusi alianza maisha na uwezo mdogo wa akili kuliko Mweupe, kwa hiyo ilibidi aporomoke zaidi ndipo aonekane mgonjwa. Wachezaji wawili wa zamani, Kevin Henry na Najeh Davenport, walikwenda mahakamani mwaka 2020, na ligi ikaahidi kuiacha hesabu hiyo mwaka 2021. Mwaka 2021, Bwana Kamishna, si 1921. Katika ligi ambayo wengi wa wachezaji wake ni Weusi.

Nilitaka kusema na ule mchezo wa timu ya Eagles wa kumsukuma kwotabeki matakoni, uliopigiwa kura Mei na kuponea chupuchupu, kura 22 za kuupiga marufuku kwa 10 huku zikihitajika 24. Wapinzani walisema ni hatari, lakini hawakuleta majeruhi wa kutosha wa kuonyesha. Mimi nauona mbaya machoni, nausema hivyo, na ungeupiga marufuku kwa ubaya wake nisingelia. Neno usalama tu ndilo nisilotaka lichezewe namna hiyo, maana likichakaa hakuna atakayelisikia siku linapohitajika.

Ninachoomba ni kidogo na kinapimika. Nyasi zitakazotandikwa kwa ajili ya FIFA zibaki. Timu isicheze Alhamisi kama haikupumzika wiki iliyotangulia. Ratiba ni yenu, mnaweza. Na ya 18 isitajwe mpaka haya mawili yawe yamefanyika. Yakifanyika, gharama itatoka mfuko wa wenye timu kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka, na beki akikatwa mshahara kwa kosa lake nitasema haki imetendeka.

Kijana wangu ananiuliza kuhusu fomu kila siku ya chakula cha jioni. Nimemwambia anisubiri hadi Agosti. Fainali ya Kombe la Dunia ni Julai 19, na baada ya hapo nitakuwa napita barabara ile ile alfajiri, nikiangalia malori yanayotoka pale uwanjani yamebeba nini.

Wako,
Dereva na mzazi, Arlington