Daraja la Saint-Michel lisipitwe kimya kimya

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya safari kuhusu madaraja ya Paris imeandikwa kwa ufasaha, na maelezo yake juu ya wauza vitabu vikuukuu kando ya mto Seine yatawafaa wengi wanaopanga kwenda huko. Hata hivyo, Daraja la Saint-Michel limepewa sentensi mbili tu: ya kwanza inasema hapo ni pazuri pa kupigia picha, na ya pili inamtaja Napoleon III, mtawala wa Ufaransa wa wakati huo, ambaye herufi ya kwanza ya jina lake imechongwa ndani ya shada la majani kwenye nguzo za daraja hilo lililojengwa mwaka 1857. Naomba nafasi nieleze kilichoachwa, yaani mauaji ya Waalgeria ya mwaka 1961, kwa kuwa Mwafrika anayesimama pale ana haki ya kukijua.

Mwezi Oktoba 1961 vita vya uhuru vya Algeria dhidi ya Ufaransa vilikuwa vikikamilisha mwaka wa saba. Wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, walikuwa wamewaua polisi kadhaa mjini Paris, na mkuu wa polisi wa jiji, Maurice Papon, akatoa amri tarehe 5 kuwataka Waalgeria, na wao peke yao, wasitoke nje kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 11:30 alfajiri. FLN ikaitisha maandamano ya amani usiku wa tarehe 17 na kuwakataza watu wake kubeba silaha ya aina yoyote. Vibarua wa viwandani waliokuwa wakiishi katika vitongoji vya mabanda kama vile Nanterre walitoka wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, baadhi wakifuatana na wake na watoto, huku mvua ikinyesha.

Polisi walikuwa wakiwangoja kwenye madaraja na kwenye milango ya vituo vya metro. Watu walipigwa virungu na vitako vya bunduki, wengine wakapigwa risasi, na wengine, kama walionusurika walivyoshuhudia, wakatoswa mtoni. Saint-Michel ni mojawapo ya mahali palipotendeka hayo, hatua chache kutoka makao makuu ya polisi. Zaidi ya watu 11,000 walikamatwa na kusombwa kwa mabasi ya jiji hadi kwenye kumbi na viwanja vya michezo. Tarehe 31 Oktoba mwili wa Fatima Bedar, msichana wa miaka 15, uliopolewa kutoka mfereji wa Saint-Denis, na familia yake ikaambiwa kwamba alijiua. Siku hizo hizo mtu aliandika kwa rangi, kwa herufi kubwa, kwenye ukuta wa ukingo wa Seine: "Hapa Waalgeria wanazamishwa."

Serikali ilikiri vifo visivyozidi vitatu. Wanahistoria waliokuja baadaye wametofautiana, kuanzia makumi kadhaa hadi zaidi ya mia mbili, na tofauti hiyo yenyewe inaonyesha jinsi kumbukumbu zilivyofungiwa. Jean-Luc Einaudi, aliyetumia miaka mingi kukusanya ushahidi, alishtakiwa na Papon kwa kumchafulia jina, kesi ambayo Papon alishindwa mwaka 1999. Einaudi alikuwa amenyimwa ruhusa ya kuzisoma nyaraka, na waliomwokoa mahakamani ni watunza nyaraka wawili wa jiji la Paris, Brigitte Lainé na Philippe Grand, walioeleza yale waliyoyaona kwa macho yao katika mafaili. Kwa kusema kweli walinyang'anywa majukumu yao kazini kwa miaka kadhaa. Binafsi nawahesabu miongoni mwa mashujaa wa habari hii, na ningefurahi siku moja mtalii awasikie wakitajwa pale darajani sawasawa na anavyomsikia Napoleon III.

Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa tarehe 17 Oktoba 2001 na meya Bertrand Delanoë, upande wa kisiwa cha Cité. Kinawakumbuka Waalgeria wengi waliouawa katika ukandamizaji wa umwagaji damu dhidi ya maandamano ya amani, lakini hakiwataji waliowaua. Mwaka 2021 Rais Emmanuel Macron aliyaita mauaji hayo uhalifu usiosameheka, na Machi 2024 Bunge la Ufaransa likapitisha azimio la kuyalaani. Papon alikwisha kufa mwaka 2007. Alikuwa amehukumiwa mwaka 1998 kwa kushiriki kuwapeleka Wayahudi wa Bordeaux kwenye kambi za Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilhali kwa usiku ule wa Paris hakuwahi kuhukumiwa.

Simwambii mtu asiende Saint-Michel, wala sidai kwamba ni dhambi kulifurahia daraja zuri. Ninachoomba ni kwamba mnapoichapisha tena makala hiyo mwongeze aya moja inayoeleza kibao kilipo na kilichotokea, na kwamba waongoza watalii wetu, wanaopeleka vikundi vya wanafunzi na wafanyabiashara Ulaya, wasimame hapo kwa dakika kumi na kulisimulia jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka. Atakayekuwa Paris tarehe 17 Oktoba atakuta watu wamekusanyika darajani jioni wakiwa na maua, na hakuna anayezuiwa kujiunga nao.

Wako mtiifu,
Msomaji, Tanga