Risala ya wanafunzi wa kikundi cha mazingira kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,
Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu,
Walimu wetu, baba na mama wazazi,
Wanafunzi wenzetu,

Jambo kwenu wote, na karibuni.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuacha kazi nyingi za ofisi ya mazingira ya jimbo na kuja kukaa nasi Jumamosi hii. Wengi wetu hatujawahi kukutana ana kwa ana na mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kulinda mimea, maji na wanyama. Mtoto wa Lubumbashi akiulizwa anataka kuwa nani, atasema daktari, mwanasheria au injinia wa mgodi. Kazi yako haitajwi, na leo tunataka itajwe.

Kikundi chetu kilianzishwa na wanafunzi wa biolojia na kemia. Msimu wa mvua uliopita tulipanda mahindi nyuma ya madarasa. Yalipofika magotini, majani yakaanza kutoboka. Tulipofunua moyo wa mmea tulikuta uchafu mbichi kama unga wa msumeno, na chini yake kiwavi mmoja tu, kwa sababu wakubwa wao hulana wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu alitupa lenzi. Usoni ana alama nyeupe ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Huyo ndiye kiwavijeshi vamizi.

Kwao ni Amerika. Barani Afrika alitambuliwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na haikupita miaka miwili alikuwa amefika karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, yetu ikiwemo. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja akibebwa na upepo. Sisi tunaokula bukari, yaani ugali, kila siku tunajua hasara hiyo inaishia wapi: inaishia kwenye bei ya unga sokoni, kwenye sufuria ya mama.

Mheshimiwa, nchi yetu ina historia katika jambo hili, na tunasikitika kwamba vijana wachache wanaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mihogo ilianza kudumaa upande wa Kinshasa. Kidudu kidogo cheupe kilichotoka Amerika ya Kusini kilikuwa kinanyonya machipukizi, na kutoka huko kikaenea nchi baada ya nchi, kikitishia chakula cha mamilioni ya watu. Watafiti, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, walikwenda kutafuta adui yake wa asili. Nyigu asiyefika milimita 3 alipatikana Paraguay mwaka 1981. Hakuachiliwa hivihivi. Alipitishwa kwanza karantini London, akachunguzwa, ndipo akaletwa Nigeria na baadaye nchi nyingine. Kidudu kile kilipungua sana, na mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Watu humsifu mtafiti, na anastahili. Lakini sisi tunamfikiria pia mtumishi aliyeletewa barua ya kuomba ruhusa ya kuingiza mdudu mgeni katika nchi. Ilimbidi asome, aulize maswali magumu, apime hatari ya kukubali na hatari ya kukataa, halafu atie sahihi. Kazi hiyo ndiyo tunayoitamani.

Ipo hata hapa karibu. Pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori yanaingia usiku na mchana na mahindi, unga, mbegu na mbao. Kuna watu wa Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, na watu wa karantini ya wanyama na mimea. Lazima awepo anayefungua gunia na kumtambua mdudu, na awepo anayejua sheria inamruhusu kufanya nini. Na kwa kuwa nondo haonyeshi pasipoti, lazima awepo pia wa kuzungumza na wenzake wa Zambia ili habari ivuke mpaka kabla ya mdudu. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Bioanuwai, wa kulinda aina zote za viumbe, mwaka 1994, na ibara yake ya 8 inazitaka nchi kuzuia viumbe wageni wanaodhuru. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kupunguza uingiaji wao kwa angalau nusu ifikapo 2030. Ahadi hizo zinahitaji watu wa kuzitekeleza, na muda uliobaki ni mfupi.

Wazazi wetu, nanyi tunawaomba: mnaposafiri, msirudi na vipando vya maua ndani ya begi. Gugu maji lililoziba mto Kongo tangu miaka ya 1950 lilipendwa kwanza kwa maua yake.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, maombi yetu ni haya. Utusaidie tupelekwe Kasumbalesa tukaone ukaguzi unavyofanyika. Wanaomaliza sekondari, wakishafaulu mtihani wa serikali, wapate nafasi ya mafunzo ya kazi katika ofisi yako, wasichana sawa na wavulana. Nafasi za ajira zinapotoka zitangazwe wazi, zibandikwe hata hapa shuleni, maana kijana asiye na ndugu ofisini huzisikia zikiwa zimekwisha kujazwa. Hili linatuumiza kweli. Pia tunaomba sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 ielezwe kwa Kiswahili chepesi; sisi wenyewe tuko tayari kuisoma sokoni na makanisani. Mwisho, darubini moja ya maabara, maana lenzi tuliyo nayo ni ya mwalimu.

Mahindi ya msimu huu yamekwisha kuota. Baada ya chakula tutakupeleka shambani, na tumekuandalia buti.

Asante sana.

Ni sisi wanafunzi wa kikundi cha mazingira,
Lubumbashi