Santuri adimu isomwe yenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, santuri iliyouzwa pauni 25,742 mwaka 2009, ilieleza vizuri nani alimuuzia nani. Haikugusa swali ambalo wakusanyaji huanza nalo: mtu atajuaje kwamba aliyoishika ni chapa ya 1965, si nakala ya baadaye?

Katika kisa hiki nyayo zilifutwa makusudi. Lebo ya Soul, tawi la kampuni ya muziki ya Motown ya Marekani, iliupa wimbo namba S-35019, lakini haukufika madukani na nakala karibu zote ziliharibiwa. Ulipoanza kupigwa Wigan Casino, ukumbi wa dansi wa Uingereza, miaka ya 1970, ulitangazwa kwa jina la Eddie Foster. Ma-DJ wa huko walikuwa na mazoea ya kuficha lebo, yaani karatasi ya katikati ya santuri, na kubandika jina la uongo ili wapinzani wasiupate wimbo. Safari hii jina lenyewe lilikuwa la mwimbaji halisi wa Marekani, kwa hiyo aliyeliamini angepekua santuri zote za Foster asiambulie kitu. Ndiyo maana maneno ya "fulani aliupiga mwaka fulani" hayanishawishi.

Anzeni na sehemu tupu iliyo kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Inamisheni santuri chini ya taa moja kali, mwanga uje kwa ubavu, msome kwa lenzi ya mara 10. Mtakuta namba ya matrisi, yaani namba ya utambulisho ya bamba lililochapa santuri, iliyochorwa kwa mkono au kugongwa kwa mashine, na pengine alama ya kiwanda. Herufi ARP ni za American Record Pressing cha Owosso, Michigan, kiwanda kilichoungua mwaka 1972. Pembetatu ndogo yenye namba ni ya Monarch, Los Angeles. Namba hizo zilipanda kwa mfuatano, hivyo ukizilinganisha na za santuri ambazo tarehe zake zinajulikana unaweza kukisia chapa ilitoka lini. Wachapaji wa magendo mara nyingi hunakili lebo kwa uangalifu mkubwa halafu hapa wakakwaruza namba ovyo, au wakaiacha kabisa.

Lebo nayo itazameni kwa lenzi hiyo hiyo. Iliyopigwa picha na kuchapwa upya huwa na kingo za herufi zilizovimba, na matundu ya "e" na "a" yamejaa wino. Aina ya plastiki pia husaidia: viwanda vingine vilitumia stairini, ngumu kuliko vinaili, na lebo yake hugundishwa juu badala ya kukandamizwa pamoja na santuri. Msikate shauri kwa hilo peke yake, maana wimbo mmoja uliweza kuchapwa katika viwanda viwili kwa plastiki tofauti.

Sauti ndiyo huwaumbua wengi. Nakala ya magendo kwa kawaida imerekodiwa kutoka kwenye santuri nyingine, hivyo hubeba mikwaruzo ya mama yake. Ingizeni nakala yenu na nyingine kwenye kompyuta, mzipange zianze pamoja. "Tak" ikisikika kwenye sekunde ile ile katika zote mbili, na hapo pa nakala yenu hapana mkwaruzo unaoonekana kwa macho, basi huenda yenu imezaliwa na santuri, haikutoka kwenye tepu ya asili ya studio.

Kwa upande wa karatasi, watu hukimbilia katalogi ya hakimiliki ya Marekani na kuisoma vibaya. Kabla ya Februari 1972 sheria ya shirikisho haikulinda rekodi za sauti. Kinachoonekana humo kwa miaka ya 1960 ni utunzi: namba inayoanza na EU ni ya utunzi ambao haujachapishwa, EP ni ya uliochapishwa. Kuukuta wimbo humo si ushahidi kwamba santuri ilitoka.

Na anayeuziwa wimbo huu ukiwa na lebo ya Tamla Motown, namba TMG 1170, ajue hilo ni toleo halali la Uingereza la 1979. Lina wakusanyaji wake, ila bei yake haikaribii kabisa ile ya S-35019.

Msomaji wenu,
Nairobi