Ramani ya mashimo pekee haitoshi kupanga matengenezo ya barabara

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Siku hizi mwananchi akikuta shimo barabarani hupiga picha kwa simu, picha inabeba mahali ilipopigwa, na nukta nyekundu inaonekana kwenye ramani. Ni msaada mkubwa, na tunawaomba waendelee. Lakini nukta hizo zikitumika peke yake kugawa fedha za matengenezo, fedha zitafuata barabara zinazopitwa na wenye simu nzuri na bando la kutosha. Barabara ya changarawe inayoelekea kwenye zahanati ya kijiji haitakuwa na nukta hata moja, na mpangaji ataidhani ni nzima.

Tiba yake ni kupima barabara yote, kipande kwa kipande cha mita 100, na kila kipimo kiandikwe tarehe. Kipimo chenyewe kipo tangu Benki ya Dunia ilipokitoa mwaka 1986: IRI, kipimo cha kimataifa cha ukwaruzo wa barabara, kinachoonyesha springi za gari zimecheza mita ngapi kwa jumla katika kilomita moja. Lami mpya iliyowekwa vizuri huwa karibu na 2. Barabara ya changarawe iliyochoka hupita 10.

Simu ya kawaida ina kihisi cha mtikisiko kinachoweza kukadiria IRI, na programu za bure zimeshatolewa, kama RoadLab Pro ya Benki ya Dunia. Kazi inaharibikia kwenye ufungaji na uendeshaji. Simu ifungwe chini ya kioo cha mbele kwa kishikio kifupi na kigumu. Kishikio chenye shingo ndefu hunepa na kuongeza mtikisiko usiokuwepo, na simu iliyoachwa kitini inapima sponji ya kiti. Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Gari liwe lilelile, na mzigo uleule. Mwendo usibadilikebadilike, kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa; chini ya 20 gari halitikisiki vya kutosha na namba zinazotoka hazina maana, kwa hiyo barabara za mjini zipimwe alfajiri ya Jumapili, foleni ikiwa haipo. Zima pia mpangilio wa kuokoa chaji, la sivyo simu itaifunga programu katikati ya safari bila kukuarifu. Ikiachwa juani mchana itapata joto na kujizima yenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote ni la dereva. Dereva mzoefu hukwepa mashimo, na simu inaandika kwamba barabara ni laini. Aelekezwe kushika mstari wake, akwepe pale tu penye hatari, na msaidizi aliye pembeni abonyeze alama kila anapokwepa. Matuta ya kupunguza mwendo na makutano ya reli nayo huonekana kama mashimo makubwa. Yachorwe kwenye ramani mapema ili yaondolewe kwenye hesabu.

Kuhusu mahali, GPS ya simu husoma mara moja kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, gari linakwenda mita 10 katika sekunde hiyo, na bado kuna kosa la mita kadhaa hata mahali pa wazi. Kati ya maghorofa ya Kariakoo kosa hilo linaongezeka, na kwenye Barabara ya Morogoro nukta za magari ya kawaida huweza kuangukia njia ya mabasi ya mwendokasi. Ndiyo sababu tunasisitiza vipande vya mita 100 badala ya shimo mojamoja, na kila upande wa barabara upimwe peke yake.

Namba za simu lazima zilinganishwe na kifaa cha uhakika. Si lazima kununua mtambo wa leza. MERLIN, kifaa kilichobuniwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote mzuri wa kuchomelea: fremu ya chuma yenye gurudumu la baiskeli mbele, mguu nyuma, na mguu wa kati wenye mkono unaoonyesha mpando na mshuko kwenye karatasi. Unakisukuma, unasimama kila gurudumu linapomaliza mzunguko, unaweka alama, mpaka zifike 200. Hapo umeshatembea kama mita 400. Acha alama 10 za mwisho kila upande, pima kwa milimita upana wa zilizobaki, uzidishe kwa 0.0471, kisha ujumlishe 0.593. Upana wa milimita 100 unatoa IRI ya 5.3. Fanya hivyo kwenye barabara nzuri, ya wastani na mbovu, pitisha gari lenye simu palepale, upate uhusiano wa namba mbili hizo. Springi au shokomzoba zikibadilishwa, kazi hii irudiwe.

Tarehe ni muhimu kwa sababu barabara ya changarawe haikai na namba moja. Greda likipita leo inashuka. Wiki chache za malori na mvua, imepanda tena. Tunapendekeza vipimo viwili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Juni mvua zikishakatika na barabara kukauka. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoonyesha wapi maji yanaila barabara.

Hapo ndipo ramani nyingi zinapokosa kitu. Simu haioni mtaro. Lami ikiwa na ufa na mtaro umejaa mchanga, maji huingia chini, tabaka la msingi linalowa, na tairi la lori linalisukuma mpaka lami inavunjika. Kipande hicho leo kinaweza kuwa na IRI ya 3 na baada ya masika kikawa hakipitiki. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 na kuwatumia wanafunzi pamoja na wakazi, ulishaonyesha kwamba mitaro inaweza kuchorwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na watu wa mtaani wenyewe. Kila kipande cha mita 100 kiongezewe hali ya mtaro, kalavati na ukubwa wa tope lililomo.

Na wanaopiga picha za mashimo, tunawaomba vipimo vitatu: urefu, upana na kina. Laza ubao ulionyooka juu ya shimo, shusha futikamba. Shimo la sentimita 60 kwa 80 lenye kina cha 8 linahitaji takriban kilo 90 za lami ya moto iliyoshindiliwa, kabla hujahesabu kingo zinazokatwa kuwa mraba. Kwa namba hiyo mtu yeyote anaweza kulinganisha kazi iliyofanyika na kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya malipo.

TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017, inasimamia zaidi ya kilomita 100,000 za barabara. Ombi letu kwao na kwa halmashauri ni kwamba takwimu hizi zitolewe wazi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, kwa faili la jedwali ambalo hata simu inalifungua, lenye safu hizi: jina la barabara, kipande, upande, tarehe, IRI, hali ya mtaro, tarehe ya matengenezo ya mwisho na jina la mkandarasi. Nakala iliyochapishwa ibandikwe kwenye ofisi ya kata.

Wapimaji wa barabara,
Dar es Salaam